Mpira Mrefu kwa Salim

Mjukuu wangu Idris,

Asalaam aleikum. Hapa Brooklyn Center tu wazima, theluji tu ndiyo haituhurumii, na mamako bado yuko kwenye shifti zake. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini timu yenu ya chuo haifungi: ni kocha anayepanga mashambulizi, au ni nyinyi wachezaji? Huo mpira wenu wa kukimbia nao mikononi siujui, lakini swali lako nalijua tangu utotoni Mombasa.

Kaka yangu Salim alikuwa na mbio kuliko wote mtaani. Kocha alikuwa ami yetu, na mpango wake ulikuwa mmoja: mpira mrefu kwa Salim. Kila mechi mpira uliangukia nyuma yake. Wengine walimlaumu ami, wengine wakasema mbio za Salim ni za sakafuni. Mwenyewe alinyamaza. Kwetu mtoto hamkosoi ami yake, sembuse mbele za watu. Mwishowe akaacha kucheza.

Alikuwa mtu mzima alipopata miwani. Siku hiyo alisimama barazani akituonyesha njiwa juu ya mnara wa msikiti, mmoja mmoja, kama mtoto. Ami, mzee sasa, alimtazama mpaka machozi yakamtoka.

"Mbona hukuniambia kwamba huoni mbali, mwanangu?"

"Hukuniuliza, ami."

Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, nami hata leo sijui nimlaumu nani.

Kocha wako si ami yako, Idris. Na kama kuna mwenzenu anayenyamaza, muulizeni angali anacheza.

Bibi yako