Damu kwenye Mswaki

Kileleshwa, Jumapili

Mdogo wangu Nafuna,

Habari za huko? Mimi bado nakoroga saruji. Jengo limefika ghorofa ya saba, ila mvua imetusimamisha siku mbili.

Mtoto wetu alizaliwa na kilo moja na nusu, akaishi siku nne. Tumeshamzika. Wifi yako Caren anakula kidogo.

Alipokuwa mjamzito fizi zilimtoka damu, nikamwambia aache mswaki mpaka ajifungue. Alinicheka: "Tangu lini mkoroga saruji akawa daktari wa meno?" Lakini aliacha. Fizi zikavimba, na alipoenda kliniki hakuwaambia. Baadaye muuguzi alitueleza kwamba ugonjwa wa fizi unaweza kuchangia mtoto asikue vizuri tumboni, ingawa hawezi kuapa kwamba ndio uliomdhuru wetu.

Mama anasema mimba yako ina miezi mitano, fizi zinakutoka damu, na umeacha mswaki kama nilivyokushauri Krismasi. Nilikosea. Anza tena leo, polepole. Kesho nenda kliniki, ufungue mdomo wakuangalie.

Caren amenikataza kukuandikia, eti nitakutia hofu. Afadhali uogope.

Ni mimi kaka yako,
Were