Milioni Tisa za Pijo

Namuwongo, Kampala
4 Februari 2024

Mwanangu Aol,

Habari za Nairobi, na za hilo joto mnalolalamikia? Mimi ni mzima, goti tu linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Karatasi hii nampa kondakta wa basi, kama alivyofanya marehemu mama yako alipowaandikia watu wake huko Kenya. Simu zako nazipokea, lakini jambo la maana siwezi kulisema huku naambiwa salio linaisha.

Jambo lenyewe ni Pijo, gari langu la kale. Limegoma. Linawaka, linakohoa mara tatu, linazimika kabla sijafika getini. Mafundi wa hapa mtaani wanajua magari ya kompyuta tu. Wakifungua boneti wanatafuta pa kuchomeka waya. Kwa hiyo Jumatatu nalivuta hadi Kansanga kwa Okwera, yule mtoto wa Sajini Oyet uliyekua naye kambi ya polisi. Amefungua gereji ya magari ya kale tu. Sakafu yake ni safi kuliko meza yangu ya kulia.

Nitakaa palepale na gari langu mpaka liishe. Unajua mambo ya Kampala: ukimwachia fundi gari ukaenda kula, unarudi unakuta betri si yako.

Baba yako.


Nairobi
10 Februari 2024

Afande wangu wa nyumbani,

Nimefurahi kusikia kwamba ni goti tu linalosumbua. Sisi hatujambo. Wajukuu wako wanauliza babu anakuja lini, nami nimechoka kuwabunia tarehe.

Baba, mwandiko wako umekuwa mkubwa. Barua fupi kama ile imejaza kurasa nne. Na Mama Lamwaka wa kanisani alinieleza habari za sokoni Kalerwe, kwamba ulipita na gari juu ya beseni la nyanya la mama wa watu, ukasema hukuliona. Kwa nini nizisikie kwake?

Kabla Okwera hajagusa hata nati moja, muulize bei. Magari hayo yanakula pesa. Ikiwa kubwa, tuliache. Tafadhali.

Binti yako, Aol.


Namuwongo
19 Februari 2024

Aol mama,

Salamu zimefika, nami nazirudisha na nyongeza kwa wajukuu.

Zile nyanya zilikuwa barabarani, si sokoni. Nilizilipa zote, na yule mama akaniongezea vitunguu. Tuyaache hayo.

Okwera amenipa bei. Milioni tisa. Nilimwomba aitaje tena, akaitaja akiangalia viatu vyake. Kabureta inatoka Ufaransa, raba za vioo Afrika Kusini, juu yake ushuru, na fundi wa kunyoosha bodi analipwa kwa saa, kila saa moja bei ya kuku wawili. Mimi Pijo zima nililinunua mnadani kwa pesa ndogo kuliko hiyo.

Wakanikalisha kwenye kiti cha ngozi, wakanipa kahawa. Nikainywa yote, kisha nikamwambia, "Okwera, mimi nimeendesha na kutengeneza magari ya polisi miaka thelathini na moja. Nipe ovaroli. Nitalipa kwa mikono."

"Muzee, hapana. Watu nasema nini juu yangu?"

"Watasema umepata fundi."

Nimeanza Ijumaa.

Baba yako.


Nairobi
25 Februari 2024

Baba mpendwa,

Hujambo? Sisi wazima, ila mimi silali vizuri.

Mtu wa miaka sitini na tisa hawezi kulala chini ya magari ya matajiri ili alipe kabureta. Nakuomba kwa jina la Mama, liuze lilivyo, uje ukae nasi. Nauli ya basi imo ndani ya bahasha.

Binti yako, Aol.


Namuwongo
30 Machi 2024

Mwanangu,

U hali gani, na usingizi umerudi? Nauli nimeiweka kwenye Biblia ya mama yako.

Mimi nimenenepa. Mchana gerejini tunakula watu saba, maharage na matoke, sufuria moja, na mimi ndiye nimekabidhiwa mwiko wa kugawa. Tangu mama yako aondoke sikuwahi kula na watu saba. Natamani asubuhi ifike.

Na usiogope, silali chini ya gari la mtu. Wananiita kusikiliza. Juzi waliletewa gari moja la kale wakalihangaikia siku tatu na mashine zao zote. Abdul-Karim, fundi wao mkubwa, akaniambia, "Muzee, kuja sikia hii. Iko nalia wapi?" Nikafumba macho. Nikamwambia vali ya tatu. Wakafungua, ikawa vali ya tatu. Siku ile hakuna aliyeniruhusu nibebe hata spana.

Okwera ameandika kwamba nimeshapunguza milioni moja na laki mbili. Kwa mwendo huu nitamaliza mwakani, na sina haraka.

Baba yako.


Nairobi
9 Aprili 2024

Baba yangu,

Leo siulizi hali kwanza, maana nisipoanza na hili sitaliandika.

Bei ya kutengeneza Pijo si milioni tisa. Ni milioni tatu kasoro kidogo. Nilimpigia Okwera siku ileile nilipopata barua yako ya kwanza, nikamwomba akutajie bei ya kukukatisha tamaa. Alikataa mara mbili. Nikamlilia, akakubali. Usimlaumu.

Niliogopa macho yako. Kila nikiona namba ya Uganda nisiyoijua, nakaa chini kwanza ndipo napokea. Nilijiambia leo beseni, kesho mtu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha, na sikupata ujasiri wa kukuambia uache. Nikadhani bei itasema kwa niaba yangu. Kumbe wewe ukavaa ovaroli.

Barua yako ya maharage nimeisoma mara nyingi na kila mara naona haya. Kilichobaki nimemlipa Okwera. Huna deni. Nisamehe, Baba.

Aol.


Nairobi
12 Mei 2024

Baba,

Hii ni wiki ya tano bila neno lako. Simu umezima. Okwera anasema ulirudisha ovaroli ikiwa imefuliwa na kukunjwa, ukaondoka bila kuaga. Mama Lamwaka anasema anakuona kanisani na u mzima. Nashukuru kwa hilo.

Niandikie, hata kama ni tusi.

Aol.


Namuwongo
28 Mei 2024

Mwanangu Aol,

Mimi ni mzima, na natumai barua hii inawakuta salama wewe na watoto. Tusi sina.

Nilikasirika. Nakuambia kweli kwa kuwa nawe umeniambia yako. Ulimchukua mtoto niliyemwona akitambaa kambini, ukamweka aniangalie usoni na kunidanganya. Nilijiona mpumbavu kwa kila sahani ya maharage niliyowagawia. Nikajifungia ndani wiki tano, naangalia ukuta, natoka kwenda kanisani tu.

Kisha Okwera akaja. Hakupiga hodi. Alileta gari la mteja linalokohoa, akaliegesha mbele ya mlango wangu na kuliacha linanguruma. Nilivumilia kama dakika kumi. Nikatoka nikamwambia plagi moja haichomi. Ndipo akachutama mbele yangu na suruali yake safi, akasema, "Muzee, mimi nakosa. Samehe mimi." Sasa nakwenda siku tatu kwa wiki, na ananilipa.

Nimeifikiria sana ile milioni tisa. Ulitaka inivunje moyo, nami niliposikia nilifurahi kimyakimya, kwa sababu niliona miezi mingi ya kuwa na mahali pa kwenda. Ungesema tatu, ningelipa kwa akiba yangu na kurudi kukaa peke yangu. Basi uongo wako umenilisha. Lakini usiurudie.

Kuhusu macho ungeniuliza tu. Mara ya kwanza ningekudanganya. Mara ya pili ningekuambia kwamba si beseni peke yake. Yule mama alikuwa ameinama hatua moja kutoka pale, na sikumwona kabisa mpaka niliposhuka garini. Sijamwambia mtu hilo, hata padre.

Pijo limepona. Jumamosi Okwera alinipa ufunguo, nikaketi kwenye usukani, nikaliwasha na kulisikiliza mpaka likapata joto. Halina kasoro. Nikalizima, nikahamia kiti cha kushoto, Abdul-Karim akanirudisha nyumbani. Nakupenda, mwanangu, na sikukuambia hivyo vya kutosha ulipokuwa mdogo.

Ndani ya bahasha utakuta permit yangu ya kuendesha. Bado ina miaka miwili. Kaa nayo wewe. Nikiiomba siku yoyote, hata kwa hasira, usinirudishie.

Baba yako.