Santuri Tatu Nilizopeleka Kigwa

Kaka Saidi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia.

Santuri mpya zimefika. Tangu ulipotutoka hakukuwa na mtu wa kutuletea muziki kutoka Dar es Salaam, nikadhani mambo hayo yamezikwa pamoja nawe. Kumbe Yohana, mwenzako wa kazi kwenye treni, hakusahau. Alipita hapa nyumbani na santuri tatu amezifunga ndani ya kanga, akasema, "Kaka yako aliniagiza nisiache kukuletea nyimbo mpya." Nilikaa nazo mapajani bila kuzipiga. Nililia kidogo, halafu nikaenda kutafuta betri za gramafoni yako.

Nikuambie nilivyoziona, maana najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya habari za watoto.

Ya kwanza ni ya bendi kubwa ya Dar. Tarumbeta safi, zimefuatana kama mabehewa, hakuna inayoigonga nyingine. Lakini maneno! Limeni, limeni, limeni, mwanzo mpaka mwisho. Aliyeimba nadhani hajawahi kushika jembe mvua ikiwa imechelewa. Ujamaa mimi naupenda, Kaka, sisemi kwa ubaya. Ila wimbo ukifanana na hotuba, watu huusikiliza kama hotuba: kwa heshima, huku kila mtu anawaza mboga.

Ya pili ni ya vijana wa pwani. Inamsema mlevi aliyeuza karanga za nyumbani akazinywa zote. Gita la solo linapepesuka kama mlevi mwenyewe, nikacheka peke yangu. Tatizo ni mwisho. Wanamgeukia mkewe na kumlaumu kwa kununa. Wamemkosea.

Ya tatu, Kaka, ni ya bendi yetu ya hapa Tabora. Wale wale tuliokuwa tukiwasikiliza dirishani mwa ukumbi, kwa sababu ulisema mdogo wako wa kike haingii dansini. Wamerekodi! Wanaimba habari za mwanamke wa kijijini. Asubuhi yuko shamba la pamoja na wanaume, jioni maji, kuni, mtoto mgongoni. Kikao kikiitwa, anaambiwa akapike. Hawamhubirii mtu. Kiitikio kinauliza tu: "Na huyu, ni mwanakijiji au ni mgeni?" Besi inatembea polepole, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa. Ulizoea kuniambia, "Zuhura, sikiliza maneno," nami nikakujibu kwamba miguu haina haja na maneno. Safari hii miguu ilitulia kabisa. Nilimfikiria mkeo.

Hujui yaliyompata wifi Asha. Baada ya arobaini yako alitakiwa kuiacha nyumba ya reli. Nilimwambia tubanane hapa kwangu, akakataa, akasema anataka watoto wako wakulie kwenye ardhi. Akaenda Kigwa, kijiji kipya anakoishi Baba Mdogo. Tumbaku ya kijiji analima, mahindi ya kijiji anapalilia. Lakini viwanja vya nyumba vilipogawanywa, mwenyekiti alisema mwanamke hagawiwi kiwanja, ahesabiwe ndani ya kaya ya Baba Mdogo. Basi akawa analala na watoto kwenye chumba cha kuwekea magunia, na kupika anasubiri wenye jiko wamalize. Mwenyewe hakuniambia. Niliambiwa na Yohana, ambaye treni yake husimama pale.

Niliacha nguo za wateja, nikafunga cherehani, nikabeba gramafoni na santuri zote tatu, nikapanda treni.

Niliwakuta wanawake wamekaa mbele ya ghala wanamenya karanga. Wifi aliponiona alisimama, kisha akakaa tena. Alikuwa amekonda, Kaka. Nilimkumbatia, nikaweka gramafoni juu ya gunia.

Mwenyekiti naye alikuja akavuta kigoda. Aliomba wimbo wa kilimo. Nikaupiga, wanawake wakaendelea kumenya, uso wa kila mmoja umetulia kama wa mtu aliye mkutanoni. Wa mlevi uliwachekesha, mpaka ulipofika kwa yule mke, kicheko kikakatika. Halafu nikaweka ule wa bendi yetu.

Mikono ilianza kupungua kasi. Kiitikio kilipokuja mara ya pili, Bibi Nyamizi, mkubwa kuliko wote pale, aliomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Ulipokwisha, wifi Asha akasimama. Unajua alivyo mpole, hata wewe ulikuwa unamlazimisha kuongea. Alimtazama mwenyekiti, akasema:

"Mwenyekiti, nami nauliza kama wanavyouliza hawa. Mimi ni mwanakijiji au ni mgeni? Kama ni mgeni, kesho nisilime. Kama ni mwanakijiji, nipe mahali pa kuweka mafiga yangu."

Niliogopa kwamba nimemponza, kwamba nitapanda treni nirudi mjini nimwache na hasira za watu. Bibi Nyamizi akaweka ungo wake chini, akasema jibu hilo hata yeye analisubiri. Wengine nao wakaweka nyungo zao chini.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Alijifuta uso, akasema jambo hilo ni la kikao. Wifi akamjibu kwamba kwenye kikao hicho atakuja kukaa, hatakwenda kupika.

Kikao kilipoitwa, nami nikiwa bado Kigwa, kweli alikaa. Wanawake wote walikaa. Wapo waliosema mjane akipewa kiwanja kesho ataolewa akiache. Kisha Baba Mdogo akainuka, nikajua sasa mambo yameharibika. Alisema nyumba ya Saidi haikufa na Saidi. Iandikwe kwa jina la Asha, na miti ya kujengea ataikata yeye Baba Mdogo. Baada ya hapo hakuna aliyebisha.

Nguzo zimesimama, Kaka. Paa la nyasi linakaribia kumalizika. Mafiga ameyaweka kabla hata ya ukuta, anapika hapo juani akijisikia raha. Mwanao mkubwa ameanza shule ya kijiji, na mdogo anatembea.

Siku ya kuondoka kwangu wifi aliniomba nigeuze ile santuri ya tatu. Upande wa pili ni chakacha ya magita tu, hakuna funzo lolote. Alimweka mtoto kiunoni akacheza. Aliinamisha kichwa mwanzoni, kisha akakiinua, na nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Gramafoni nimemwachia. Nakuahidi kila msimu wa kupanda nitakwenda Kigwa kushika jembe pamoja naye, na wanao watakujua, nitawasimulia mpaka wachoke. Mungu akuangazie kaburi lako. Pumzika bila wasiwasi, Kaka yangu. Watoto wako wana kwao.

Mdogo wako,
Zuhura