Ukiumia, Inua Mkono

Shoga, umewahi kuona mgonjwa akimpa pole anayemtibu?

Leo mjukuu wangu, yule msafisha meno, alimlaza babu yake kwenye kiti cha kliniki. "Babu, ukiumia inua mkono."

Akamwinamia, shingo upande kama kuku anayechungulia chungu. Nusu saa nzima! Na hiyo shingo, miezi sasa ukimuuliza, jibu ni "niko sawa."

Alipotaka kunyooka, akakwama. Shoga, alikwama! Akasaga meno kimya, yeye anayewakataza wenzake kusaga!

Babu, mdomo wazi na pamba shavuni, hawezi kusema. Akaushika mkono wa mjukuu wake, akauinua juu taratibu.

Mtoto akacheka hadi machozi. "Haya, Babu. Inauma. Inauma kila siku, na nimechoka kujikaza."