Mbuzi wa Wageni Waliokimbia

Al Khoudh, Maskat
15 Oktoba 2024

Mama yangu Bi Shaikha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wajukuu, na miguu imepunguza kuuma. Sisi wazima, ila uso wa kukutazama sina.

Mimi ni Kheiria, mmoja wa wale wawili uliowaokoa Jumamosi. Tulipanda Jabal Akhdar, mimi na mume wangu Badr, kutazama milima na kununua makomamanga. Asubuhi jua kali, mchana ukungu, mara mvua ya mawe inapiga kioo, hata kona ya mbele hatuioni. Tukasimama ukutani kwako tunagombana kwa Kiswahili chetu, nawe ukatujibu kwa Kiswahili kutoka mlangoni: "Ingieni kwanza, mtagombana ndani." Nilitaka kulia. Ukatupa kahawa na tende, ukasema tutalala kwako, ukaenda jikoni uani. Tukasikia mbuzi analia, kisha kimya.

Hapo jua likatoka. Badr akasema mawingu yatarudi, bonde la wadi litajaa maji, njia itafungwa, na kesho ana kazi. Lakini nisimsingizie. Yeye alisema twende, mimi ndiye niliyevaa viatu mwanzo. Tulitoka kama wezi, bila kukuaga. Kwenye kioo cha gari nikawaona wanawake wanaingia kwako na mabakuli, na wewe umesimama mlangoni unatazama njia.

Mama yangu mzazi, Bi Nunu, ambaye naishi naye hapa, aliniuliza tu: "Umechinjiwa, ukakimbia?"

Hata nambari yako sikuchukua. Barua hii nampa Yazid, anayeleta matunda ya huko kwenu soko la Sib, pamoja na halwa kidogo. Nambari yangu ipo nyuma ya karatasi. Nipigie unitukane, nitapumua.

Mwanao,
Kheiria


Jabal Akhdar
2 Novemba 2024

Mwanangu Kheiria,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, miguu ni ile ile. Badr hajambo? Na mama hajambo? Namwomba Mungu mama awe mzima, utaona kwa nini nauliza.

Halwa imefika. Nambari nimeiona. Sikupiga, maana nilikuwa nimekasirika, sikufichi. Na haya ya leo siwezi kuyasema kwa sauti.

Mimi nilizaliwa Tabora. Tangu mume wangu afariki, huku mlimani hakuna mtu wa kusema naye Kiswahili. Wajukuu wanajua Kiarabu tu, nikiteleza nikasema Kiswahili wananicheka. Miaka yote nimewaambia majirani kwamba nina watu wangu Maskat na siku moja watakuja kulala kwangu. Nilipowasikia mkigombana pale ukutani nikasema, hao, wamekuja. Nikamchinja mbuzi, nikawaita wanawake wote wa jirani waje wawaone.

Wakaja. Wakauliza, wageni wako wapi? Nimesimama na mwiko mkononi, aibu imenipanda mpaka masikio yanawaka. Nikasema wamepigiwa simu, mama wa yule bibi amefariki. Mwanangu, nimemuua mama yako kwa mdomo wangu. Tukaila ile nyama huku tukimwombea dua, na wengine walilia.

Nilidhani yataishia hapo. Sasa wamekodi basi. Ijumaa wanashuka Al Khoudh kukupa pole, na mimi ndiye wa kuwaonyesha nyumba. Sijui pa kuuficha uso. Nifanye nini?

Mama yako,
Shaikha


Al Khoudh, Maskat
4 Novemba 2024

Mama yangu,

Salaam nyingi zikufikie. Pole na miguu. Badr hajambo, anakusalimu kwa haya. Na marehemu mwenyewe ni mzima kuliko sisi sote. Nilimsomea barua yako. Akavuta mtandio, akasema: "Waache waje. Ntawapokea mlangoni mimi." Kisha akaniuliza kama walilia sana.

Ningecheka, lakini kicheko hakinitoki. Mtu mzima kama wewe umesema uongo mbele ya majirani zako kwa sababu yangu. Basi nisikilize. Waambie mimi ndiye niliyekudanganya. Sema nilikuja mbio uani, nikakwambia mama kafa, ukaniamini, kumbe nilitaka kuondoka tu. Mimi wakinichukia hawanijui, wewe unaishi nao. Hilo basi lisije. Ijumaa tutapanda sisi, na nitayasema hayo hayo mbele yao.

Aibu hii yangu, mama. Nirudishie.

Mwanao,
Kheiria


Jabal Akhdar
7 Novemba 2024

Mwanangu Kheiria,

Nakusalimu wewe na Badr. Mama msalimie sana, na mwambie naomba radhi yake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sikufanya ulivyosema, uongo mmoja umenitosha. Jana baada ya Alasiri walikuja kunywa kahawa, nikawaambia. Hakuna aliyekufa. Wageni walinikimbia, nami nikaona haya. Tena si watu wangu, niliwajua siku ile ile. Maskat sina mtu.

Waliweka vikombe chini, wakatoka mmoja mmoja. Mama yake Humam, jirani wa ukuta mmoja, peke yake ndiye aliyebaki. Aliosha vikombe vyote, akasema atampigia mwenye basi asije. Leo asubuhi nimepita njiani, wengine wameitika salamu, wengine wamegeukia ukuta. Inauma, mwanangu, sitakwambia haiumi.

Kwa hiyo huna cha kuja kuwaambia. Nimeshasema mwenyewe. Lakini umeandika mtapanda kesho, na chumba nimeshafagia. Mbuzi sina tena, kuna wali na samaki mkavu. Mawingu yapo tangu jana, sijui yatafanya nini.

Mkija, mlale.

Mama yako,
Shaikha