Sindano Iliyoruka Saa Tano Asubuhi

Kambini, njia ya Geita

Kaka Masanja,

Shikamoo. Mgongo wako umepata nafuu? Na Mama, anakula vizuri? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Barua hii nimempa dereva wa lori la pamba. Ikikufikia bahasha imefunguliwa, nijulishe.

Kazi yangu unaijua: wapimaji wakiwa porini kutafuta miamba yenye dhahabu, mimi hubaki kambini, na kila robo saa nasoma kipimo cha usumaku na kuandika daftarini. Kabla ya kusoma navua mkanda, naweka funguo mbali, hata viatu navivua kwa sababu vina misumari, maana chuma huivuta sindano ya kipimo. Jumatano iliyopita, saa tano asubuhi, sindano iliruka ghafla, ikayumba hadi jioni. Niliandika nilichoona.

Msimamizi hakuamini. "Ndugu, ulificha chuma gani mwilini?" Akanipekua mbele ya watu. Nikamweleza tulivyofundishwa shuleni: jua hupuliza upepo wa chembe za umeme, na usumaku wa dunia huuzuia kama boma la miiba. Mara chache upepo huo huja na wimbi la kishindo, likaligonga boma na kulisukuma ndani, na sindano hutikisika saa ileile dunia nzima.

Akacheka. "Upepo gani huo, mbona hata bendera haikupepea?"

Wachimbaji wadogo wa jirani nao wakasikia. Kiongozi wao, Mzee Maganga, alinijia akitabasamu.

"Karani, sindano yako imenusa nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Hakuna kitu, na jasho linakutoka hivyo?"

Kesho yake wakaanza kuchimba kando ya kipimo. Kadiri ninavyokana, ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini. Msimamizi sasa anasema niliwauzia siri. Mwisho wa mwezi anakuja mkaguzi, nami natakiwa kutia saini kwamba niliandika uongo. Nikikataa, ni polisi.

Kaka, wapimaji wenzetu hapo Shinyanga wana kipimo kama hiki. Nenda mwenyewe, usimtume mtu, wala usitaje jina langu. Uliza tu sindano yao ilifanya nini Jumatano ile, saa tano. Kama iliruka, omba nakala ya ukurasa. Kama ilitulia, usiniandikie, nitaelewa.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Mhunze akija sokoni. Mama mwambie nimenenepa.

Mdogo wako,
Luhende