Kidole cha Dereva

Jumapili, 31 Machi

Safari ya mwisho kabla reli haijafungwa. Behewa moja, watu wamebanana kama dagaa wa kopo, kamera kila upande. Bibi mmoja alilia, akasema reli hii ndiyo moyo wa bonde letu. Nikamuuliza mara ya mwisho alipanda lini. Akafikiri sana. Harusi ya dada yake, akasema.

Wangepanda hata kwenda kununua figili, leo nisingekuwa mtu wa kupigwa picha.

Nilisimamisha treni bila mtikiso. Nikanyoosha kidole kama kawaida, nikataja kwa sauti: "Breki — imefunga! Mlango — wazi! Sawa!" Mkuu wa stesheni akanipa shada la maua ambalo mlangoni kwetu liliingia kwa ubavu. Mke wangu Sachie ameyatia kwenye beseni la kuogea. Anasema, Baba Kaho, leo hatuogi, leo tuna msiba.

Nashukuru lakini. Miaka yote ile sikumgonga mtu. Kulungu mmoja tu, naye alijitakia.

Jumatano, 3 Aprili

Kazi mpya. Nyumba ya wazee, kilimani nyuma ya kiwanda cha mchuzi wa soya. Wamenipa aproni ya rangi ya pichi. Nimejitazama kwenye kioo — pichi lenye mvi.

Msimamizi wangu, Bi Uematsu, ni mdogo kuliko binti yangu Kaho. Nilimwinamia mpaka chini. Akasema, Bwana Nagoshi, ukiinama hivyo kila asubuhi mgongo utakwisha, na hapa tunauhitaji wa kuinulia watu. Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Juni. Hapo wataniambia nibaki au niende.

Niende wapi? Kwa umri wangu kilichobaki ni kuongoza magari kwenye maegesho, na huko kuna foleni ya waliokuwa mameneja wa benki.

Jumanne, 16 Aprili

Wananicheka. Si mimi — kidole changu. Kwenye reli hutazami kitu kwa jicho tu. Unakinyooshea kidole, unakitaja kwa sauti, ndipo umekiona. Nimefanya hivyo tangu nikiwa kijana, sasa mkono unajiendea wenyewe. "Breki ya kiti — imefunga! Sawa!" "Supu — vuguvugu! Sawa!" Wahudumu wenzangu wanajificha jikoni wacheke vizuri.

Mzee Kuwabara wa chumba cha bustanini hakujificha. Ni mwalimu mkuu mstaafu, huvaa tai juu ya nguo za kulalia. Alinitazama, akatazama bakuli, akaniuliza supu inaondoka saa ngapi.

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Tangu treni isimame watu wananiongelesha kwa sauti ya hospitali. Yeye ni wa kwanza kunitania. Mungu wa vituo vidogo ambariki.

Jumapili, 5 Mei

Leo nimeharibu.

Sikukuu, wageni wengi. Mwanawe Mzee Kuwabara alikuja na mkewe kutoka mjini. Mzee alivaa tai ya buluu, akaketi wima kitini, anawasimulia jinsi anavyotembea mwenyewe hadi bustanini, mwenyewe hadi chooni. Nikaingia kumweka sawa. Nikapitisha mkono kama tulivyofundishwa. Kidole kikatangulia akili. Na sauti ile ile ya kufika mwisho wa jukwaa la stesheni:

"Nepi — kavu! Sawa!"

Mkwewe akatazama maua. Mwanawe akatazama simu, na simu ilikuwa imezimwa. Hawakuwa wakijua. Mzee alikuwa amewaficha.

Hakunitazama. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano wa shule: "Bi Uematsu, huyu bwana asinishike tena."

Nimemweleza Sachie. Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa kosa langu.

Jumatatu, 6 Mei

Bi Uematsu aliniita. Alinimiminia chai kwanza — mtu akikumiminia chai kabla ya kusema, shika kiti. Hakufoka. Alisema tuko wachache, zamu ya usiku ni ya mtu mmoja, kwa hiyo kila mhudumu lazima aweze kumshika kila mzee. Mpaka Juni iishe, Mzee Kuwabara asiponikubali, hana pa kuniweka.

Nikasema nimeelewa. Kisha nikanyooshea kikombe kidole. Sikukitaja. Tayari ni maendeleo.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda kuomba radhi kama inavyopasa. Suti nyeusi, boksi la vikeki vya maharage matamu, kutoka duka zuri, karatasi nzuri, utepe. Nimeinama mlangoni mwake mpaka damu ikajaa kichwani. Akauambia ukuta asante.

Ana kisukari. Kila mtu alijua ila mimi. Vikeki wamekula wahudumu. Wamesema ni vitamu mno.

Jumamosi, 25 Mei

Bi Uematsu ana namna yake ya kufundisha. Leo alinifunga kitambaa shingoni, akanikalisha, akanilisha uji wa wali. Haraka kidogo. Kijiko kinarudi kabla sijameza. Huku anaongea na mwenzake kuhusu bei ya matairi. Sikuweza kusema kitu, mdomo umejaa. Nilikuwa tayari kulia kwa ajili ya uji!

Baadaye akanilisha upya. Aliketi, macho yetu sawa kwa sawa. Alinionyesha kijiko, akangoja nifungue mwenyewe. Uji ule ule. Nikamaliza bakuli.

Nikamuuliza, msichana mdogo hivi, ameyajua wapi? Akasema, kwa kukosea, Bwana Nagoshi, kama wewe. Mwaka wake wa kwanza bibi mmoja alimtemea chai. Sasa yeye ndiye anayemchana bibi huyo nywele.

Mikono naitia mfukoni siku hizi. Inalalamika humo.

Jumapili, 26 Mei

Nimejipa kazi ya nyumbani. Nepi ya mtu mzima, kutoka duka la dawa la mji wa pili, kwa sababu la hapa mwenye duka alikuwa abiria wangu.

Nimeivaa asubuhi. Nikanywa chai, na chai, na chai. Sachie akipita ananiuliza tumefika kituo gani. Hakuna kitu. Mwili umefunga kama breki ya dharura — mama yangu alinifunza nikiwa mdogo, na mafunzo ya mama hayana kitufe cha kuyafuta. Nikasimama, nikaketi. Nikafungulia bomba. Nikawaza maporomoko ya maji. Aibu inashika kuliko kamba.

Karibu na chakula cha mchana, ikaja. Moto kwanza, kisha baridi. Nilikaa pale na miaka yangu hamsini na minane, sijui niweke wapi uso. Ndipo Sachie akaniita kutoka jikoni, dirisha wazi, jirani anaanika mashuka:

"Baba Kaho, umeshajikojolea?"

Nilitaka sakafu ipasuke. Nilitaka asinishike tena.

Basi. Nimejua. Nimejisikia mwenyewe kwa masikio ya Mzee Kuwabara.

Sachie alipoona uso wangu alifunga dirisha. Akaleta taulo yenye joto, akaiweka pembeni, akatoka bila neno. Nimeoa mtu mzuri, nami nilikuwa nikiendesha treni tu.

Jumanne, 11 Juni

Habari hapa zinakimbia kuliko behewa langu. Nilimwambia Bi Uematsu peke yake. Leo hata mpishi amenipa pole.

Nilikuwa nafagia barazani nje ya chumba cha bustanini. Mzee Kuwabara akasema kutoka ndani: "Nasikia ulivaa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Siku nzima?"

"Hadi mchana."

"Mchana tu. Mimi nilijizuia mpaka wakaita daktari."

Sikucheka. Naye hakucheka. Mabega yake ndiyo yaliyotikisika kidogo. Kisha akasema tai yake imepinda, na wahudumu wa hapa hawajui kufunga tai, ni wasichana. Nikaacha ufagio. Nikanawa mikono. Nikauliza, niingie? Akaitikia kwa kidevu.

Nimefunga tai. Polepole, kimya. Tai tu, kingine hakuniruhusu. Lakini nilirudi nyumbani kwa miguu kusudi, ili siku irefuke.

Alhamisi, 20 Juni

Mvua. Tai. Soksi pia.

Ijumaa, 28 Juni

Naandikia kwenye benchi la barazani, kalamu inaruka. Bi Uematsu alisema saa kumi na moja ataniita ofisini anipe jibu. Ameongea na mkurugenzi tangu chakula cha mchana. Nimetazama mlango ule mpaka naujua mbao kwa mbao.

Mzee bado hajanikubali kwa lile jambo lenyewe, la nepi. Tai, soksi, kiatu, kumsukuma bustanini. Hapo tumefika. Bi Uematsu anajua, mimi najua. Nimejiambia, wakisema niende, niende vizuri. Nimelishwa uji na mtu anayejua kulisha. Nimefundishwa kubisha hodi kwa umri huu. Treni haikunifunza hilo. Treni haina aibu.

Mkwe wa Mzee yuko ndani leo, amekuja peke yake. Namsikia akimwuliza, baba, nimwite mhudumu? Mzee anasema ngoja.

Sasa mkwewe ametoka. Amesimama hapa karibu na benchi, mkoba mkononi, hajui atazame wapi. Ananiambia kwa sauti ya chini: "Samahani, wewe ndiye Bwana Nagoshi? Amesema nitoke kidogo. Anasema mtu wake aje."

Na ofisi nayo imefunguka! Bi Uematsu amechungulia, ananipungia mkono niingie. Nyuma yake mkurugenzi amesimama, miwani mkononi.

Nimemwinamia Bi Uematsu. Nimemwonyesha chumba cha bustanini. Ofisi inaweza kujizuia, mzee hawezi. Naenda kunawa mikono.